"Yes, Sir" Iliyokaribia Kunipeleka Budalang'i

Leo nimeaibika mchana kweupe, jamani, tena mbele ya watoto ninaowafundisha mwenyewe. Sogezeni hivyo viti niwaambie mapema, kabla hamjasikia huko nje habari ikiwa imetiwa chumvi. (Na itatiwa. Darasa zima limekwenda nyumbani nayo, mnategemea nini?)

Mnajua mimi ni mwalimu wa Kiingereza, darasa la tatu, pale shuleni kwetu kwenye barabara ya kwenda Malaba. Mnajua pia jinsi ninavyojisifu. Nani asiyejua? Nimewaambia hapahapa, mkinywa chai, kwamba mimi hata ndoto naota kwa Kiingereza. (Nisameheni. Leo nafuta hayo maneno.)

Watoto wangu nusu ni Wateso, nusu ni Wakhayo, na wachache wamevuka kutoka ng'ambo ya Uganda na wazazi wao. Nyumbani kwao Kiingereza hakipo. Kuku hafukuzwi kwa Kiingereza, mtoto haitwi kwa Kiingereza. Wanakisikia kwangu asubuhi, wakitoka getini wanakiacha hapo, kesho wanakikuta palepale.

Basi muhula huu hedimasta wetu, Mzee Barasa, akatuita ofisini akasema Inspekta wa shule anakuja kupima Kiingereza cha kusema. Si cha kuandika, cha kusema. Watoto wakifanya vizuri, darasa langu litaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Wakianguka, litarudishwa kwenye lugha za nyumbani, na mwalimu wake awe mtu anayezijua zote.

Mimi ni Mmarachi. Kiteso changu kinaishia kwenye salamu.

"Nikiondolewa hapa nitapelekwa wapi, Mzee?" nikamuuliza.

"Nafasi iliyo wazi sasa ni Budalang'i," Mzee Barasa akasema, akaangalia dirishani mvua inavyonyesha.

Mimi sina ugomvi na Budalang'i. Samaki wao nawapenda. Lakini Nekesa wangu amejifungua juzijuzi tu, kitovu cha mtoto hakijakauka vizuri, na huko mto Nzoia ukijaa watu wanahama na vitanda kichwani. Nitamweka wapi mtoto mchanga? Juu ya kabati? Na hilo kabati lenyewe sina! Nimekosa usingizi kwa jambo hili, jamani, nawaambia ukweli.

Kwa hiyo nilifundisha. Nilifundisha mpaka koo likakauka. Hii ni nini? Hiki ni kikombe. Yule anafanya nini? Yule anafyeka. Nikawaambia watoto, "Inspekta akiuliza, mjibu upesi, mjibu kwa sauti, na mmalizie na 'sir'. Mtu akinyamaza, amekwisha." Wakaelewa. Wakaelewa kupita kiasi.

Leo asubuhi Nekesa alininyooshea tai, akanitazama usoni, akasema, "Baba Nafula, leo usiongee sana."

"Kiingereza ni kazi yangu," nikamwambia. (Ningemsikiliza!)

Inspekta akafika. Gari lake lilikwama kwenye tope huko njiani, kwa hiyo akaja amebebwa na boda, amekaa nyuma ya baiskeli kwenye kile kimto, mkoba ameukumbatia, na ile suruali yake pana chini imejaa matope mpaka magotini. Ni mtu wa kwetu, mtu wa huku huku, lakini amesoma ng'ambo miaka mingi na amerudi juzi. Kiingereza chake kinapita puani kwanza, kinapumzika, ndipo kinatoka. Nilipokisikia nikasema moyoni, haya, leo wawili tumekutana. (Wawili!)

Akaingia darasani na Mzee Barasa nyuma yake. Watoto wakasimama kwa mpigo mmoja. Salamu ikatoka safi. Inspekta akatabasamu. Mzee Barasa akatabasamu. Mimi nikavuta kola.

Akafungua mkoba, akatoa mafungu mawili ya kadi za picha, akatueleza. Kadi za kijani ni za watoto ambao nyumbani wanazungumza lugha nyingine. Zina ng'ombe, jembe, chungu, baiskeli. Kadi nyekundu ni za watoto ambao nyumbani wanazungumza Kiingereza, watoto wa mabwana wakubwa huko mijini. Hizo zina mambo yao. Huwezi kumpima mtoto wa Malaba kwa kadi nyekundu, akasema, hiyo si haki. Nikamkubalia kwa kichwa. Mtu mwenye akili kweli!

"Kwa hiyo kwanza," akasema, "lazima niwaulize wenyewe. Ndiyo utaratibu."

Sasa sikilizeni vizuri. Maswali yake nitawatafsiria, maana Kiingereza kimenichosha leo. Lakini "Yes, sir" na "No, sir" naziacha kama zilivyotoka, kwa sababu ndizo zilizonimaliza.

Akamwita Amoit. Amoit ni msichana wangu wa mbele, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka bonde la pili. Akamuuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, "Ninyi nyumbani hamzungumzi Kiingereza?"

Na Amoit, kwa sauti hiyohiyo, "Yes, sir!"

Mnaona? Mtoto amejibu sawa. Ndiyo, hatuzungumzi. Wewe umesema hamzungumzi, mimi nakukubalia, ndiyo. Mtu yeyote hapa Busia angejibu hivyo. Lakini Inspekta nyusi zilimpanda. Yeye alisikia Kiingereza cha wenyewe. Alisikia kwamba ndiyo, tunazungumza.

"Mnazungumza nyumbani?" akashangaa kidogo, akawageukia wote. "Na ninyi wengine? Hamzungumzi Kiingereza nyumbani?"

Darasa zima likapasua bati: "YES, SIR!"

Mimi nimesimama hapo pembeni, kifua mbele, nafurahi jinsi walivyojibu kwa pamoja. (Kwa pamoja! Upesi! Na "sir" mwishoni!)

Inspekta akanigeukia mimi. "Mwalimu, ajabu hii. Yaani watoto hawa hawazungumzi Kiteso wala Kikhayo?"

Sasa mtu anakuambia kitu ambacho si kweli, wewe utasemaje? Utasema hapana, bwana, si hivyo, wanazungumza sana tu. Kwa hiyo nami, mwalimu wa Kiingereza, nikanyoosha mgongo nikajibu, "No, sir!"

Akatikisa kichwa kwa heshima. Akasema hajawahi kuona shule ya namna hii mpakani. Kadi za kijani akazirudisha mkobani. Akafungua nyekundu.

Nikaona rangi nyekundu. Nikajiambia, labda za kijani zimelowa njiani.

Kadi ya kwanza. Nyumba ya Kizungu yenye bomba la moshi juu ya paa, na moshi unatoka. Akamwonyesha kijana mmoja wa nyuma. "Unaona nini?"

Kijana akaruka kutoka kitini. "Nyumba inaungua, sir!"

Na kweli, jamani, moshi ukitoka kwenye paa la nyumba hapa kwetu ni nini? Wengine wakaanza kuuliza kama watu wametoka ndani. Inspekta akaandika.

Kadi ya pili. Nchi yote nyeupe, miti nyeupe, mabati meupe, na watoto wanacheza humo. Theluji hiyo. Amoit akasimama bila kuitwa. "Pamba, sir! Pamba nyingi! Mwaka huu wamevuna vizuri."

Kadi ya tatu ilikuwa na lile beseni kubwa refu jeupe ambalo Wazungu wanaogea wakiwa wamelala. Watoto wakabishana kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kizuri, nilijivuna hata katikati ya jasho. Huyu anasema ni mtumbwi. Yule anasema hapana, ni la kunyweshea ng'ombe, maana lina bomba. Inspekta akaandika, akaandika, akakandamiza kalamu.

Kadi ya nne. Mbwa amelala kwenye kochi la mito, kichwa kwenye mto mmoja, blanketi mgongoni.

"Huyu ni nani?"

Watoto wakatazamana. Kisha msichana mmoja mwenye adabu sana akasema taratibu, "Mgeni, sir."

Mzee Barasa akakohoa, akatazama dari.

Mimi hapo moyo ulikuwa umeshanishuka mpaka kwenye soksi. Naona Nzoia inakuja. Namwona Nekesa na mtoto na magodoro. Watoto wangu wanajua Kiingereza! Wanajua jembe, wanajua chungu, wanajua kusema anayefyeka anafyeka. Kwa nini huyu mtu anawaonyesha mbwa wa Ulaya?

Inspekta akaweka kadi mezani. Akavua miwani. Hakuwa anatabasamu tena.

"Mwalimu," akasema, "umeniambia watoto hawa wanazungumza Kiingereza nyumbani. Hunidanganyi?"

Kwa woga nilishika lile swali la mwisho tu, nikajibu upesi, kwa sauti, na nikamalizia ninavyowafundisha. "Yes, sir!"

Nje yule wa boda alikuwa anapiga kengele ya baiskeli yake bila sababu.

"Yaani unanidanganya?"

"No, sir!"

"Kwa hiyo hunidanganyi."

"Yes, sir!"

Mzee Barasa akanisogelea, akaninong'oneza, "Mwalimu, umekula nini asubuhi?"

"Unanifanyia mzaha," Inspekta akasema, na Kiingereza sasa hakikupita puani, kilikuja moja kwa moja. "Nimekuja kwa tope mpaka hapa ili mwalimu anifanyie mzaha mbele ya watoto. Darasa hili nitaandika lirudi kwenye lugha ya nyumbani. Na wewe utakwenda shule nyingine."

Kimenuka! Jamani, Kiingereza chote kilinitoka. Chote, mpaka "good morning". Nilibaki na Kiswahili peke yake, tena kile cha sokoni. "Mzee, nakuomba! Nisamehe, Mzee! Mke wangu amejifungua juzi, mtoto hata hajaanza kufungua macho vizuri, utanipeleka Budalang'i na mvua hii? Watoto hawa wanajua. Waulize ng'ombe! Waulize jembe!"

Sijui ni kwa sababu nilitaka kulia, au ni kwa sababu Kiswahili changu kilimkumbusha kwao. Naye akajibu kwa Kiswahili, ameudhika bado. "Nitawaulizaje ng'ombe, na ninyi wenyewe mmesema nyumbani ni Kiingereza? Kwani hawa nyumbani hawazungumzi Kiingereza?"

"Ndiyo, Mzee!"

"Ndiyo wanazungumza?"

"Ndiyo hawazungumzi!"

Akamgeukia Amoit, akamuuliza kwa Kiswahili, polepole, "Wewe. Leo hujala ugali?"

"Ndiyo, sijala," Amoit akasema. "Bado ni asubuhi."

Inspekta akakaa juu ya meza yangu. Akajipiga paji la uso. "Ala! Ala! Hata mama yangu anajibu hivyo! Nimekaa ng'ambo mpaka nimesahau mama yangu anavyojibu!" Kisha akacheka. Alicheka akajishika mbavu, miwani ikaanguka, akaiokota akacheka tena. "Hunidanganyi? Yes, sir! Mwalimu, ulikuwa unakubaliana na mimi muda wote!"

"Muda wote, Mzee," nikasema.

Akazichana zile karatasi alizoandika, akatoa kadi za kijani. Jamani, mngeona! Ng'ombe, wakamtaja, na rangi yake, na kwamba ana mimba. Baiskeli, wakasema ya nani, inabeba nini, inakwenda wapi, na askari wa mpakani akiiona inafanya nini. (Hapo nilikohoa kidogo. Si kila kitu Inspekta anapaswa kujua.) Mama anapika, wakasema anapika nini na kwa nini moto wake una moshi. Amoit akatoa sentensi ndefu yenye "because" katikati, na mimi machozi yakanilengalenga, sisemi uongo. Inspekta hakuandika haraka sasa. Alikuwa anasikiliza.

Alipomaliza akamwambia Mzee Barasa, "Darasa linaendelea kwa Kiingereza. Na mwalimu anabaki."

Anabaki! Nilishukuru Mungu kwa lugha zote ninazozijua, pamoja na ile salamu ya Kiteso.

Ningekuwa na bahati, kisa kingeishia hapo, mimi shujaa, nanyi mnaninunulia mandazi. Lakini Inspekta alikuwa amefurahi, na mtu wa elimu akifurahi anataka kufundisha.

"Hili jambo tulinyooshe sasa hivi," akasema. "Watoto, kwa Kiingereza usimfuate aliyeuliza. Fuata mambo yalivyo. Kama huna ng'ombe, hata nikikuuliza 'huna ng'ombe?' jibu ni 'No'. Kama unaye, 'Yes'. Basi. Mmeelewa?"

"Yes, sir!"

"Mwalimu, umeelewa?"

"Yes, sir," nikasema, nikacheka kidogo, kama mtu aliyejua tangu zamani.

"Vizuri. Njoo mbele uwaonyeshe mfano."

Nikaenda mbele. Nikasimama mahali ninapowasimamisha wao. Ubao uko mgongoni, chaki ziko mezani, na watoto wote wananitazama mimi. Najiambia, taratibu, kijana, fuata mambo yalivyo. Mambo yalivyo.

"Wewe si mwanafunzi?"

Nikafikiri. "No, sir."

"Safi! Huishi Nairobi?"

"No, sir." Watoto wakapiga makofi. Nikaanza kuona raha. Kifua kikarudi mbele. Nikatazama dirishani na kumwona yule wa boda ameegemea ukuta akinisikiliza, nikamkonyeza.

"Wewe si mwanamke?" Inspekta akauliza haraka.

"YES, SIR!"

Upesi. Kwa sauti. Na "sir" mwishoni.

Nilijisikia mwenyewe jinsi ilivyotoka, nikanyoosha mkono niirudishe, lakini wapi! Kisha Amoit akasimama, ile sauti yake yote, akininyooshea kidole, akaniokoa mbele ya watu wote: "NO, TEACHER! Wewe ni mwanamume!"

Darasa likalipuka. Wengine walilala juu ya madawati. Yule msichana mwenye adabu alificha uso kwa gauni. Wa boda aliteleza ukutani mpaka chini. Na Mzee Barasa, hedimasta, mtu mzima, mzee wa kanisa, ambaye sijamwona akicheka tangu nije shule ile, alitoka nje akashika nguzo ya bendera kwa mikono miwili. Nilitamani ardhi ipasuke. Ardhi ikakaa hivyo hivyo.

Inspekta alinipa mkono akiondoka, akasema kwa Kiingereza, "Kazi nzuri, madam." Kisha akapanda boda akaondoka akicheka njia nzima, tulimsikia mpaka kona ya kinu. Na nilipotoka getini jioni, watoto wanaokaa karibu walikuwa wananisubiri kwenye ua wakisema, "Good evening, madam." Kiingereza kizuri, hakina kosa. Sikuwa na la kuwasahihisha.

Lakini nawaambia, nilitembea nikiwa mwepesi. Waseme "madam", waseme "bibi", tope si kitu, mvua si kitu. Tunabaki! Mtoto wangu atalala pakavu. Njia nzima nilikuwa namwandalia Nekesa habari, na njia nzima nilikuwa najirudia ile kanuni, fuata mambo yalivyo, fuata mambo yalivyo, ili nisiumbuke tena maishani.

Nikamkuta mlangoni, mtoto begani, macho yamemtoka kwa wasiwasi. Alikuwa amesikia kwamba Inspekta alikasirika. Hakusikia mwisho.

"Baba Nafula, niambie. Hawajakuhamisha?"

Nikasimama. Nikafikiri kama nilivyofundishwa. Hawajanihamisha. Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Basi jibu lake ni...

"Hapana!" nikamjibu kwa furaha, mikono juu.

Nekesa akapiga yowe, jirani akatoka na mwiko. "Mungu wangu! Budalang'i! Na mtoto huyu! Mimi siendi, nakwambia siendi, nitarudi kwa mama!"

"Hapana, mama, namaanisha ndiyo!"

"Ndiyo wamekuhamisha?"

"Ndiyo hawajanihamisha!"

Alinipiga na nepi. Iliyolowa. Na mimi, badala ya kukasirika, nikamkumbatia yeye na mtoto na nepi yenyewe pale mlangoni, nikamwambia kwa Kiswahili kisicho na swali, "Tunakaa hapahapa." Akalia, akacheka, akaniuliza kwa nini watoto wa barabarani wananiita madam.

Ndiyo yaliyonikuta. Sasa nawaomba, kwa urafiki wetu, asicheke mtu. Na wewe Ouma, umeinamisha birika unaniuliza eti, "Mwalimu, hunywi chai?" Aa, bwana, leo sijibu. Mimina tu.